Mifuko Isiyo na Mikunjo

Redio ilipotangaza kwamba jeshi sasa litapokea watu hadi wa miaka arobaini, kwa sababu ya vita vya mpakani, mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akinywa chai. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani kutafuta viatu. Nilimuuliza anakwenda wapi mapema yote ile, maana siku hiyo kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa. Akanijibu, "Kuandikishwa, dada," kama mtu anayekwenda kununua kiberiti.

Nilicheka. Sitajikosha hapa, nilicheka, tena kile kicheko cha puani ambacho mama amenikataza tangu nikiwa na meno ya utoto. Mtu ana miaka thelathini na saba, kitambi kimeanza kuchungulia, sikio la kushoto halisikii vizuri, na juu ya yote hayo amewahi kufungwa miezi sita kwa kosa la kujifanya mwanajeshi. Mtaa mzima ulimwita Afande, na si kwa heshima. Akipita jioni na vumbi la mbao kichwani, watu wazima na akili zao walisimama wima na kumpigia saluti, kisha wakashikana mabega kwa kicheko. Yeye aliwaitikia kwa kichwa na kupita zake.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, akichambua mchele kwenye sinia. Alikuwa ameisikia redio na alikuwa amemsikia mwanawe. Akaniambia mimi, "Mwambie huyo afunge mlango akitoka, vumbi linaingia." Huyo mwenyewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake.

Ndivyo tulivyoishi kwa mwaka wa nne sasa. Mama hakusema naye. Kila asubuhi mdogo wangu alisimama mbele ya kile kiti akasema, "Shikamoo mama," na kila asubuhi mama aliendelea na alichokuwa anafanya, kama vile aliyesalimia ni mlango uliolia bawaba. Marahaba ni neno dogo. Wauza mboga humpa hata mpita njia bila kuinua macho kutoka kwenye nyanya zao. Mtoto wa kumzaa mwenyewe alilikosa, na nawaambia kwa hakika kwamba hakuna kitu kingine alichokuwa anakitaka duniani. Mchumba alikuwa ameshamkimbia, marafiki walishapukutika, na hayo yote aliyazoea. Lile moja hakulizoea.

Sasa lazima nieleze ilivyokuwa. Sehemu yangu nayo nitaisema, maana nimeificha vya kutosha.

Baba yetu alikuwa askari, na alifariki kazini mdogo wangu akiwa na miaka sita. Alizikwa na sare yake ya gwaride. Kilichobaki ni picha moja iliyotundikwa juu ya mlango wa sebuleni: baba amevaa sare ileile, ukosi mgumu, vifungo vinne vinang'aa, na mifuko miwili ya kifuani, kila mmoja una mkunjo uliosimama katikati kama umechorwa kwa rula. Mama aliipiga pasi ile sare kwa miaka kumi na tano. Alikuwa akisema mikunjo ya mifuko ndiyo iliyomtesa, kwamba pasi ikiteleza kidogo tu, askari anaonekana kama karani.

Mdogo wangu alipofika miaka ishirini alikwenda kujaribu bahati. Alikimbia vizuri, akahesabiwa meno, akapimwa kifua. Mwisho daktari akasimama nyuma yake na kumnong'oneza kwenye sikio la kushoto. Akasubiri. Akanong'ona tena. Mdogo wangu alikuwa bado anasubiri kipimo kianze walipomwambia avae shati aende nyumbani.

Nyumbani hakuja. Alipiga simu kutoka mji mwingine na kumwambia mama amechukuliwa. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wa nyumba ya pili akaja mbio akidhani kuna posa. Na yule mtoto wake, wakati huo, alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye kinu cha unga.

Mwaka ukapita, mama akaanza kudai picha. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya ushonaji, ile ile niliyopo mpaka leo: tunashona sare za shule, mashuka ya hospitali na mashati ya walinzi. Siku moja mchana nikainua macho kutoka kwenye cherehani nikamwona dirishani, nyusi nyeupe kwa unga. Nikatoka nje. Akaniambia, "Dada, moja tu. Ya kupigia picha. Mama atanyamaza na mimi nitapumua."

Ningekataa, mambo yangeishia pale. Lakini nilikuwa nimemlea mgongoni, na nilikuwa fundi mzuri mno kwa kazi ya kushona kaptula za watoto. Nilichukua kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye oda ya shule, nikaishusha picha ya baba ukutani nikidai kioo kina vumbi, nikaishona sare ile kwa siku tisa baada ya kazi. Mikunjo ya mifuko niliifumua na kuirudia mara tatu. Ilipokaa sawasawa niliitazama nikajisifu peke yangu.

Picha ilipigwa, na mama hakunyamaza. Alitaka kumwona. Basi kila mwisho wa mwaka mdogo wangu alikuja "likizo", kavaa sare, na mama akamshika mkono na kumtembeza nyumba kwa nyumba. Harusini alikaa safu ya mbele. Watu waliogombania mpaka wa uzio walimletea kesi, na ajabu ni kwamba aliamua vizuri, kwa sababu ni mtu mpole na anasikiliza, japo kwa sikio moja. Miaka kumi na miwili. Mara mbili nilimtanulia kiuno.

Aliumbuka msibani. Alikuwa amefariki jirani yetu mmoja, na kati ya wageni alikuwepo sajini mstaafu, mzee mkavu asiyetabasamu. Mzee yule alimtazama mdogo wangu kifuani kwa muda mrefu. Kisha akamwita nyuma ya tangi la maji, akamuuliza namba yake ya jeshi. Mdogo wangu akataja namba. Hata idadi ya tarakimu haikuwa yenyewe.

Polisi walifika kabla mwili haujatolewa nyumbani. Walimchukua mbele ya watu wote, na mama yangu alitoka kwenye mkeka wa wanawake, akawakimbilia bila viatu. "Mnakosea," alikuwa anawaambia. "Huyu ni mwenzenu. Jamani, huyu ni mwenzenu." Aliwaambia hivyo mpaka kwenye mlango wa gari. Hakuna aliyecheka siku ile. Walianza kucheka kesho yake.

Mahakamani hakimu alimuuliza nani alimshonea. Akajibu alinunua kwenye mitumba, kwa mtu asiyemjua. Hakimu akauliza tena, na akamwambia kumtaja fundi kungempunguzia adhabu. Nilikuwa kwenye benchi la pili. Mdogo wangu hakugeuka hata kidogo kuangalia upande wangu. Nilitazama ubao wa dari, kulikuwa na doa la maji lenye umbo la kiatu, na nililitazama mpaka akahukumiwa.

Nilijiambia naogopa kufukuzwa kazi, kwa kuwa karakana ilikuwa imepata kazi ya serikali na sote tulisaini karatasi za uaminifu, na dawa za mama zinategemea kazi ile. Ni kweli, lakini si yote. Mama alikuwa amekaa kando yangu, amenishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kumwamini, na mimi nilipenda kuwa huyo mmoja.

Alipotoka jela, siku moja tukianua nguo, aliniambia jambo ambalo hata mahakamani halikutajwa. "Unajua kilichonikamatisha, dada? Mifuko. Yule mzee aliniambia jeshi liliacha mikunjo zaidi ya miaka ishirini nyuma. Baba alikuwa wa mwisho mwisho kuivaa." Nilikaa chini palepale, na shuka mapajani. Yeye akacheka kidogo. "Ulishona vizuri mno," akasema. Hakuwa na kinyongo. Ningependa angekuwa nacho.

Kwa hiyo asubuhi ile ya redio, baada ya kucheka, nilivaa viatu vyangu nikamfuata. Kazini nilituma ujumbe kwamba tumbo linanisumbua.

Uandikishaji ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Foleni ilikuwa ya vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, wengine bado wana chunusi. Walimpisha mdogo wangu mbele wakidhani amemleta mwanawe. Kwenye meza alikaa luteni mmoja, mwanamke kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisoma fomu, akarudi juu, akasoma tena.

"Uliwahi kufungwa kwa kujifanya askari?"

"Ndiyo, afande."

"Na sasa unataka kuwa askari kweli."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini hukuja kwanza huku?"

"Nilikuja huku kwanza, afande. Mlinikataa."

Luteni aliuma midomo ili asicheke. Akamwambia kosa lake si la kumzuia kwa kipindi hiki, ila alete barua ya kiongozi wa mtaa inayoeleza tabia yake. Tulitoka pale nikiwa na furaha ya siri. Kiongozi wetu wa mtaa alikuwepo kwenye ule msiba, tena yeye ndiye aliyewahi kumpa mdogo wangu kiti cha heshima kwenye harusi ya bintiye. Nilijua hawezi kuandika neno jema.

Aliandika mbele yetu, kwenye meza yake ya kulia chakula, huku ametusimamisha. Barua ilikuwa na mistari mitatu. "Namfahamu huyu tangu utotoni. Alitudanganya miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo hakuiba, hakupiga mtu, na aliamua kesi zetu kwa haki. Hasara tuliyoipata ni aibu tu." Akagonga muhuri, akamkabidhi bila kumtazama usoni. Mdogo wangu aliisoma njia nzima. Nadhani hakuwa amewahi kusomewa sifa nyingi namna ile.

Na masikio, safari hii, hawakuyapima. Walikuwa na haraka. Waliangalia meno na nyayo, wakamwambia aje Jumatatu na mswaki.

Jumatatu alisimama mbele ya kiti cha dirishani na mfuko wake begani. "Shikamoo mama. Ndiyo naondoka." Mama aliokota punje ya jiwe kwenye mchele, akaitazama mwangani, akaitupa nje.

Mafunzo yalikuwa ya miezi minne, na kila Jumapili alasiri alipiga simu. Niliweka sauti juu makusudi. Alinieleza kwamba wenzake wanamwita Babu, kwamba katika kwata anageuka baada ya wenzake kwa sababu ya lile sikio, na mkufunzi amemhamishia mwisho wa mstari wa kushoto ili amri imfikie kwenye sikio zima. Mgongo unamuuma, alisema, lakini analala kama gogo. Alikuwa na furaha. Ilinishangaza kuisikia, nilikuwa nimeisahau ilivyo. Mama alikuwa palepale akishona kifungo au akikunja nguo, na simu ikilia alikisogeza kiti kidogo. Mwisho wa kila simu mdogo wangu alisema, "Msalimie mama," nami nikasema, "Mama, unasalimiwa," na mama akasema, "Mwambie huyo anamaliza salio la watu."

Baada ya mafunzo walipewa siku moja ya kuaga nyumbani kabla ya kupelekwa mpakani.

Alikuja saa nane mchana na sare. Nilisikia vicheko kabla sijamwona, vinatoka duka hadi duka kama moto wa nyasi. "Afande kashonesha nyingine!" Mtu mmoja akamuuliza kama safari hii ana risiti. Yeye alitembea katikati ya barabara, wima, kitambi kimekwisha, na alipofika mlangoni nilimtazama kwa jicho la kazi yangu. Mishono ilikuwa ya sindano mbili, iliyonyooka namna ambayo mashine za karakana yetu haziwezi. Ukosi ulikuwa umetiwa kitambaa kigumu ndani. Na mifuko ya kifuani ilikuwa bapa, haina mkunjo hata mmoja.

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma, amekaa, amekunja mikono, tayari kushuhudia.

Mdogo wangu alivua kofia. Akasimama mbele ya kiti. "Shikamoo mama," akasema.

Mama alimtazama. Hilo peke yake lilikuwa jipya, maana kwa miaka minne hakuwa amemtazama usoni. Macho yake hayana nguvu, kwa hiyo alimwashiria asogee, akanyoosha mkono, akapapasa lile gwanda kifuani. Nilidhani neno linakuja. Hata yule jirani alidhani, maana aliacha kutafuna.

Vidole vya mama vilifika kwenye mfuko wa kushoto, vikatafuta katikati, vikarudi, vikatafuta tena. Kisha akautoa mkono na kuuweka mapajani.

"Mwambie huyo," akaniambia, "mfuko wa askari una mkunjo. Nimeupiga pasi miaka kumi na tano. Angalau ile ya kwanza ilikuwa na mkunjo. Safari hii fundi wake amemwibia."

Mdogo wangu alitoa kitambulisho. Mama akasema mimi nimwambie karatasi hata mara ile alikuwa nazo. Mdogo wangu alianza kueleza kwamba mtindo ulibadilika, na mama akasema mimi nimwambie kwamba yeye mama ameyala maneno yake miaka kumi na miwili na yamemshibisha.

"Mama," nikasema mimi, "sare zimebadilika kweli. Hazina mikunjo siku hizi."

Akanigeukia. "Wewe umejuaje?"

"Nimewaona kule kwenye uandikishaji."

"Umewaona, au amekwambia useme umewaona? Wewe unampenda, utamsemea lolote. Sikulaumu. Lakini niambie kitu nitakachoamini."

Nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho mdomoni kabisa, maneno matatu tu: ile niliishona mimi. Mama angeamini hilo papo hapo, kwa sababu hakuna mtu anayejitia kitanzi bure. Angeelewa kwamba mikunjo ile niliikopi kwenye picha ya mumewe, na kwamba sare ya uongo ndiyo iliyokuwa na mikunjo. Kisha angemtazama tena yule mtoto mwenye mifuko bapa. Lakini jirani alikuwa amekaa pale na masikio yake mawili mazima. Na hata asingekuwepo, sijui. Nilimwona mama ananitazama kama alivyokuwa ananitazama siku zote, nikaogopa kuwa mtu wa kutazamwa vingine.

Mdogo wangu aliniangalia na kutikisa kichwa kidogo sana, kuniambia niache. Hata pale alinifichia.

"Sina la zaidi, mama," nikasema.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Alinisaidia kuchota maji, akatia mafuta bawaba ya mlango wa nyuma iliyokuwa inalia, akapiga viatu rangi. Akasimama mbele ya kiti. "Shikamoo mama," akasema, akasubiri kidogo zaidi ya kawaida yake. Nilimsindikiza hadi kituoni. Sikumwomba msamaha. Tuliongea habari za mpira na za mgongo wake, na gari lilipokuja akaniambia nisisahau kumpeleka mama akapimwe macho.

Kwa sababu ya umri wake walimpa kazi ya gari la maji. Alisema mstari wa mbele hauoni kabisa, anaona matangi na mabomba tu, na kwamba vijana wanamshangilia akifika kuliko wanavyomshangilia jenerali. Ilikuwa simu ya mwisho. Gari lake lilikanyaga bomu la ardhini kwenye barabara waliyokuwa wameipita kila siku kwa wiki kumi.

Waliokuja kutuambia walikuwa wawili, mwanamme mwenye mvi na mwanamke aliyeshika bahasha. Ilikuwa saa nne asubuhi, nami nilikuwa nyumbani kwa sababu ya siku ya mama ya kliniki. Niliwaona kupitia dirishani wanauliza njia kwa mwenye duka, na mwenye duka anaelekeza bila kucheka. Nilikwenda kuwafungulia mlango.

Mama aliwakaribisha. Walibaki wamesimama. Mwanamme mwenye mvi alitaja jina kamili la mdogo wangu, namba yake, kikosi chake, siku na saa. Alisema kwa upole na bila kuzungusha maneno, na alipomaliza alisema pole mama.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akiwasikiliza kama anavyosikiliza wauzaji wa mlangoni. Akamwomba yule mwanamke asogee. Akanyoosha mkono, akampapasa mfuko wa kifuani. Akatabasamu. Mungu anisamehe, alitabasamu.

"Fundi wao ni mmoja," akaniambia. "Mifuko ileile. Huyu mtoto amekosa la kufanya mpaka anakodi watu." Kisha akawageukia wao, na sauti yake ikalainika, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya ule msiba. "Jamani, mwambieni mwanangu mzaha huu umezidi. Kifo hakichezewi. Mwambieni kama anataka nimwitikie, aje mwenyewe. Nimeshachoka na mimi. Aje tu, nitamwitikia."

Wale wawili walitazamana, kisha wakanitazama mimi.

Nilipiga magoti mbele ya kiti. "Mama, hawa hawajashonewa na fundi wa mtaani. Sare zao ni za jeshi, na yake ilikuwa ya jeshi. Ya kushonwa ilikuwa ile ya kwanza, yenye mikunjo. Niliishona mimi. Niliikopi kwenye picha ya baba, na mikunjo ilikuwa imeachwa zamani, na ndiyo iliyomkamatisha. Nilishona mimi, mama."

Kwenye mlango wa nyuma jirani wa nyumba ya pili alikuwa ameshasimama, amesikia yote. Nje mwenye duka alikuwa amezima redio yake.

"Kwa hiyo siku ile alikuwa askari kweli," mama akasema.

"Alikuwa askari kweli, mama."

"Na aliniamkia."

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

Nilitamani kusema moja. "Mara mbili. Alipofika, na alipokuwa anaondoka."

Mama akawageukia wageni. Aliwaomba radhi kwa maneno aliyowaambia, akawaomba wakae, akamwambia yule mwanamke afungue bahasha na kumsomea karatasi yote tangu mwanzo, polepole, bila kuruka kitu. Mwanamke akasoma. Walipofika kwenye namba ya jeshi mama alimwomba airudie, akaitaja naye tarakimu moja moja mpaka akaikariri.

Tulimzika kwa heshima zote. Mtaa mzima ulikuja, na kiongozi wa mtaa alilia kuliko sisi. Karakana niliwaambia ukweli mwenyewe kabla hawajaambiwa na jirani. Bado hawajaamua wanifanye nini.

Kila asubuhi nampelekea mama chai dirishani na kumwamkia. Anapokea kikombe, anakunywa, haitikii. Sijamwomba aitikie. Mdogo wangu alivumilia hivyo miaka minne kwa ajili yangu, na mimi huu ni mwezi wa pili tu.